Mabomu ya zamani msituni: Kwa nini fedha za dunia hazifiki Meru na Embu

WAJUMBE wa nchi zaidi ya 100 walipokutana Siem Reap, nchini Kambodia, mwezi Novemba 2024 kujadili jinsi ya kuiondolea dunia mabomu ya kutegwa ardhini, Kenya haikuwa miongoni mwa mataifa yaliyotarajiwa kueleza ni lini itakamilisha kazi hiyo katika ardhi yake. Sababu ni rahisi. Katika vitabu vya Mkataba wa Ottawa, Kenya haina eneo lolote linalotambuliwa kuwa limetegwa mabomu.

Kwa mtazamo wa sheria za kimataifa, hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, kwa mkulima wa Embu anayechimba mashimo ya miche kando ya msitu wa Irangi, au mchungaji wa Meru anayevuka mpaka wa Isiolo kutafuta malisho, usafi huo wa vitabuni hautoshi. Ardhi anayoikanyaga iliwahi kuangushiwa mabomu ya ndege, na maeneo jirani yamekuwa viwanja vya mazoezi ya kijeshi kwa miongo mingi.

Swali linalozuka ni hili: ikiwa fedha za kusafisha ardhi hutolewa kwa kufuata orodha ya nchi zilizoathiriwa, anayeishi karibu na silaha zilizosahauliwa katika nchi isiyo kwenye orodha atamwendea nani?

Ili kulijibu, ni lazima kuangalia mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni historia ya eneo lenyewe. La pili ni jinsi fedha za kazi hii zinavyotafutwa, zinavyogawanywa na zinavyosimamiwa.

Historia ya tabaka tatu

Tabaka la kwanza ni la vita vya Mau Mau. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952, wilaya za Embu na Meru zilijikuta katikati ya mapambano pamoja na maeneo ya Wakikuyu. Wapiganaji waliokula kiapo waliingia katika misitu ya Mlima Kenya, huku majina kama Jenerali China, Jenerali Kubukubu wa upande wa Embu na Musa Mwariama wa Meru yakivuma vijijini.

Misitu hiyo, pamoja na ile ya Nyandarua, ilitangazwa kuwa maeneo yaliyopigwa marufuku. Yeyote aliyeonekana humo angeweza kupigwa risasi. Wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki refu kandokando ya msitu wa Mlima Kenya ili kuwakatia wapiganaji chakula, na kuanzia mwaka 1954 familia zilihamishiwa katika vijiji vya kulazimishwa.

Kutoka angani, ndege ndogo za aina ya Harvard zilianza kuangusha mabomu yenye uzito wa takriban kilo tisa mnamo mwaka 1953. Mwezi Novemba mwaka huo zikaongezwa ndege kubwa za Lincoln, zilizobeba mabomu ya ratili 500 na ratili 1,000, yaani takriban kilo 225 na kilo 450. Mapema mwaka 1955, jeshi la Uingereza liliendesha operesheni kubwa iliyopewa jina la First Flute katika msitu wa Mlima Kenya. Ndege za Lincoln ziliondoka nchini katikati ya mwaka huo.

Si kila bomu huangukia palipokusudiwa, na si kila bomu huripuka. Matawi ya miti, mianzi na udongo tifutifu hupunguza kishindo cha kuanguka, na kiwashio huweza kukosa kufanya kazi. Baruti iliyobaki ndani ya chuma haiozi kama gogo. Nchini Ujerumani na hata jijini London, mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia bado hufukuliwa na mafundi wa ujenzi, na maelfu ya wakazi huhamishwa kwa muda ili wataalamu wayategue.

Tabaka la pili ni la vita vya Shifta vilivyoanza mwaka 1963 katika iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Vita hivyo vilipopamba moto, hasa kati ya mwaka 1966 na 1967, mabomu yalitegwa katika barabara zilizotumiwa na magari ya vikosi vya serikali. Mapatano yaliyofikiwa Arusha mwezi Oktoba 1967 kati ya Rais Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Mohamed Ibrahim Egal, yalisaidia kuyazima mapigano. Meru ilikuwa mlango wa kuingilia eneo hilo, na biashara yake ya mifugo, nafaka na miraa bado hupitia Isiolo.

Tabaka la tatu ndilo lenye ushahidi ulio wazi zaidi, nalo ni la viwanja vya mazoezi. Jeshi la Uingereza, ambalo kitengo chake cha mafunzo kina makao Nanyuki, pamoja na majeshi ya Kenya yenyewe, yamekuwa yakifyatua makombora Archers Post, katika Kaunti ya Samburu, na maeneo ya Dol Dol huko Laikipia. Archers Post ni mwendo usiozidi saa mbili kwa gari kutoka mji wa Meru.

Mwezi Julai 2002, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 220 waliojeruhiwa au kupoteza jamaa zao kutokana na silaha zilizoachwa katika viwanja hivyo. Wengi wa waathiriwa walikuwa wachungaji, na baadhi yao walikuwa watoto waliookota vitu vya kung'aa wakidhani ni vya kuchezea.

Mipaka ya utawala isimpotoshe msomaji kudhani kwamba mambo haya hayaihusu Embu. Kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013, mji wa Embu ndio uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, ambao ulienea kutoka Machakos hadi Moyale na kujumuisha Meru, Isiolo na Marsabit. Ofisi iliyosimamia usalama wa malisho ya kaskazini ilikuwa Embu. Leo jukumu hilo limegawanyika katika kaunti kadhaa, na jambo lililogawanywa kwa wengi ni rahisi kukosa mwenyewe.

Orodha inayoamua nani apate

Mkataba wa Ottawa unaopiga marufuku mabomu ya kutegwa dhidi ya binadamu ulitiwa saini Desemba 1997, na ukaanza kutumika Machi 1, 1999. Kenya ilitia saini mwezi huo huo wa Desemba na kuuridhia mwaka 2001. Mwaka 2003 iliteketeza zaidi ya mabomu 35,000 yaliyokuwa katika maghala yake, ikabakisha machache kwa ajili ya mafunzo kama mkataba unavyoruhusu.

Chini ya kifungu cha 5, nchi yenye maeneo yaliyotegwa hupewa miaka kumi kuyasafisha, na inaweza kuomba muda zaidi. Kifungu cha 6 nacho kinazitaka nchi zenye uwezo zisaidie zisizo na uwezo. Vifungu hivi viwili ndivyo moyo wa mfumo wa fedha. Nchi inayotangaza kwamba ina maeneo yaliyotegwa hupata haki ya kuomba, na mfadhili hupata mahali pa kupeleka fedha zake.

Mabomu yaliyoangushwa na ndege, makombora ya mizinga na maguruneti hayamo katika mkataba huo. Hayo hushughulikiwa na itifaki nyingine, iliyopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika Novemba 2006, inayohusu mabaki ya silaha za vita. Itifaki hiyo inambana zaidi mwenye silaha kwa vita vitakavyotokea baada yake. Kuhusu mabaki ya zamani, inazungumzia ushirikiano na msaada kwa kadiri ya uwezo wa kila nchi.

Matokeo yake ni kwamba bomu la mwaka 1954 katika msitu wa Mlima Kenya lina hatari ileile ya kumkata mtu mguu, lakini halina kifungu kinachomlazimisha yeyote kulilipia. Halihesabiwi kuwa la kutegwa, halitokani na vita vilivyopiganwa baada ya itifaki, na halimo katika nchi iliyoorodheshwa.

Fedha hutoka wapi na hupita wapi

Kazi ya kuondoa mabomu ni ghali kwa sababu ni ya polepole. Mtu mmoja mwenye kifaa cha kutambua chuma, akiwa amepiga magoti, husafisha mita chache tu za mraba kwa siku, na kila msumari au kifuniko cha chupa humsimamisha kana kwamba ni bomu. Umoja wa Mataifa umekuwa ukieleza kwamba bomu linaloweza kutengenezwa kwa dola tatu huweza kugharimu kati ya dola 300 na 1,000 kuliondoa.

Wafadhili wakubwa ni serikali. Marekani peke yake imetoa zaidi ya dola bilioni 5 tangu mwaka 1993 kwa kazi hii na nyingine zinazohusiana nayo. Umoja wa Ulaya, Ujerumani, Japani, Norway na Uingereza pia zimo katika mstari wa mbele. Fedha hupita njia kuu tatu: mfuko wa hiari wa Umoja wa Mataifa, mashirika yanayofanya kazi yenyewe kama HALO Trust, MAG na Norwegian People's Aid, na serikali ya nchi iliyoathiriwa.

Kila njia ina faida na kasoro zake. Mfuko wa Umoja wa Mataifa huweza kufika penye mapigano, lakini gharama za usimamizi hula sehemu ya fungu kabla mtu hajashika kifaa. Mashirika huenda kwa kasi na yana mafundi, lakini hutegemea mikataba ya mwaka mmoja au miwili, hivyo mafundi huachishwa kazi mradi unapokwisha na wengine hufunzwa upya mradi unapoanza tena. Serikali nazo ndizo zinazobaki baada ya wote kuondoka, ila wafadhili wengi huhofia kuziachia fedha bila ukaguzi mkali wa hesabu.

Kuna pia suala la kipimo. Kwa miaka mingi wafadhili walitaka kuonyeshwa idadi ya mita za mraba zilizosafishwa. Msimamizi wa mradi anayepimwa kwa mita hushawishika kusafisha uwanda mtupu ulio rahisi, huku njia ya kwenda kisimani ikisubiri. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya kazi hii sasa vinasisitiza kuanza na uchunguzi: kuwauliza wakazi, kusoma kumbukumbu za kijeshi, kuweka alama mahali penye ushahidi wa hatari, na kuyaondoa shakani mashamba yasiyo na ushahidi wowote. Ardhi nyingi hurudishwa kwa wenyewe bila hata sururu moja kupigwa.

Kikapu kimepungua

Mwaka 2023, fedha zilizotolewa duniani kwa kazi hii zilikaribia au kupita kidogo dola bilioni 1, zikijumuisha za wafadhili na za nchi zilizoathiriwa zenyewe. Ukraine pekee ilipokea zaidi ya dola milioni 300. Hakuna anayebisha kwamba Ukraine ina shida kubwa, lakini kikapu kinachoelemea upande mmoja huacha pengo kwingine. Mwaka huo huo watu 5,757 waliuawa au kujeruhiwa na mabomu na mabaki ya silaha duniani, na asilimia 84 kati yao walikuwa raia.

Mapema mwaka 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ajili ya ukaguzi, na miradi ya kutegua mabomu katika nchi mbalimbali ikakwama kwa ghafla. Mwezi Februari mwaka huo Uingereza nayo ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2027. Katika mwaka huo huo Estonia, Latvia, Lithuania, Poland na Finland zilitangaza kujiondoa katika Mkataba wa Ottawa, zikitaja tishio la Urusi.

Kwa Wakenya wanaofuatilia mambo haya, maana yake ni moja. Nchi ambayo haikupata mgawo wakati kikapu kilipokuwa kimejaa isitarajie kuupata sasa kwa kuomba tu. Itahitaji hoja, ushahidi na mpango.

Mwalimu asiye na shamba

Kinaya ni kwamba Kenya si mgeni katika kazi hii. Mkutano wa kwanza wa kuutathmini Mkataba wa Ottawa ulifanyika Nairobi kuanzia Novemba 29 hadi Desemba 3, 2004, na mpango wa utekelezaji wa miaka mitano uliofuata ulibeba jina la jiji hilo. Mwaka 2005, Kenya na Uingereza zilifungua kituo cha kimataifa cha mafunzo ya kuondoa mabomu huko Embakasi, ambacho baadaye kilipanuliwa na kuwa shule ya mafunzo ya kibinadamu na ya kulinda amani.

Wanajeshi na maafisa kutoka nchi nyingi za Afrika wamepitia Embakasi kabla ya kwenda Somalia, Sudan Kusini na kwingineko. Wahandisi wa Jeshi la Kenya wanaijua kazi, na polisi wana kitengo chao cha kutegua mabomu. Kwa ufupi, nchi ina walimu na ina wanafunzi. Kinachokosekana ni fungu lililotengwa na mpango wa kuwatumia nyumbani, badala ya kusubiri hadi mtoto aokote kitu ndipo gari litumwe.

Majirani wametoa funzo. Rwanda ilitangaza kumaliza kazi yake mwaka 2009, Uganda ikafuata mwaka 2012, na Msumbiji, iliyodhaniwa ingechukua vizazi kadhaa, ikatangazwa huru mwezi Septemba 2015. Msumbiji ilifaulu kwa sababu katika miaka ya mwisho ilijua wazi ni wilaya zipi zimebaki na ni shirika lipi linawajibika kwa kila wilaya. Mfadhili aliweza kuona kwamba shilingi yake inamaliza jambo.

Tanzania nayo, ingawa haikuwa na tatizo kubwa la mabomu ya kutegwa, ilijitafutia nafasi yake. Shirika la APOPO, lenye makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, limewafunza panya buku kunusa baruti tangu mwaka 2000. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, na mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Panya hapotezi muda kwa misumari na vifuniko, kwa kuwa hunusa baruti na kupuuza chuma.

Nani alipe?

Hoja ya kwanza inayotolewa ni kwamba aliyeangusha ndiye asafishe. Kwa mizani ya haki, hoja hiyo ina uzito. Uingereza yenyewe imeonyesha kwamba inaweza kulipa inapotaka. Katika visiwa vya Falklands, ambako majeshi ya Argentina yalitega mabomu mwaka 1982, serikali ya London iligharimia usafishaji wote hadi ukakamilika Novemba 2020. Wengi wa mafundi waliopiga magoti katika baridi ya visiwa hivyo walikuwa Waafrika kutoka Zimbabwe.

Ikiwa fedha za walipakodi wa Uingereza ziliweza kusafisha fukwe zinazotembelewa zaidi na pengwini kuliko binadamu, ni vigumu kueleza kwa nini msitu unaowapa maji mamilioni ya Wakenya usichunguzwe hata mara moja kwa mpango kamili. Marekani nayo, wakati wa ziara ya Rais Barack Obama nchini Laos mwaka 2016, iliahidi dola milioni 90 kwa miaka mitatu kusaidia kuondoa mabomu ambayo ndege zake ziliyaangusha miongo kadhaa kabla. Ahadi hiyo haikusubiri hukumu ya mahakama.

Hata hivyo, uzoefu wa Kenya na Uingereza umefuata njia ya mahakama na mawakili. Malipo ya mwaka 2002 kuhusu Archers Post na Dol Dol yalikuwa ya watu walioumia. Yale ya Juni 2013, ambapo Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228, yalihusu mateso ya wakati wa hali ya hatari. Malipo ya aina hiyo ni haki ya walioumia, lakini hayamwondolei hatari anayefuata. Pauni zilizomfikia mjane hazikung'oa kombora lililobaki nyikani.

Hoja ya pili ni kwamba Kenya ni nchi huru tangu mwaka 1963 na ulinzi wa raia wake ni jukumu lake. Hoja hii nayo haipuuziki. Katiba ya mwaka 2010 inaiachia serikali ya kitaifa ulinzi na usalama, lakini jedwali lake la nne linazipa kaunti udhibiti wa majanga na huduma za afya. Majeruhi wa mlipuko hakimbizwi Geneva. Hukimbizwa hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu, ambayo bajeti yake hupitishwa na bunge la kaunti.

Hoja zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, na hapo ndipo hatari ilipo. Nairobi ikiinyooshea London kidole, na kaunti zikiinyooshea Nairobi, kila mmoja atakuwa na haki na hakuna atakayechimba. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi.

Je, hatari ni kubwa kiasi hicho?

Wapo watakaouliza kama inafaa kutumia fedha kwa jambo hili wakati barabara ni mbovu na dawa hazitoshi. Ni swali la haki. Watu wanaokufa kwa malaria au ajali za barabarani ni wengi mno wakilinganishwa na wanaolipukiwa na silaha za zamani. Kuusafisha msitu mzima wa Mlima Kenya hatua kwa hatua kungekuwa ndoto ya gharama isiyomithilika, na kungeharibu miti ambayo nchi inajitahidi kuilinda.

Lakini kati ya kusafisha kila kitu na kutofanya lolote kuna njia ya tatu, nayo ni uchunguzi. Kumbukumbu za safari za ndege za kivita huandikwa. Wazee waliobeba mizigo, waliochimba handaki au waliopigana msituni wanazidi kupungua kila mwaka, na pamoja nao zinakwenda habari za mahali mabomu yalipoanguka. Kuwasikiliza hakuhitaji mashine wala mamilioni ya dola. Kunahitaji maafisa wachache waliofunzwa, daftari na ramani.

Haja hiyo inazidi kwa sababu matumizi ya msitu yanabadilika. Serikali imelenga kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na kila mche unahitaji shimo. Wakulima walioruhusiwa kulima ndani ya misitu ya serikali huku wakitunza miche hupiga jembe mahali ambapo hapakuguswa kwa miaka mingi. Uzio wa umeme unaouzunguka Mlima Kenya, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2012, nao ulihitaji kuchimbiwa nguzo.

Aidha kuna biashara ya vyuma chakavu. Umaskini humfanya kijana aone kilo tano za chuma mahali ambapo fundi angeona kifo. Sheria ya mwaka 2015 kuhusu vyuma chakavu iliweka masharti ya leseni, na mwaka 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa baada ya nyaya na minara ya umeme kuhujumiwa. Masharti hayo yangeweza kutumiwa pia kumlazimu mfanyabiashara kutonunua kitu chochote chenye umbo la kombora na kupiga ripoti mara moja. Kwa sasa, mlinzi pekee kati ya guruneti na mizani ya muuzaji ni bahati.

Mpango unaoweza kufadhiliwa

Wafadhili wa kazi hii, kama wafadhili wengine, hutoa fedha kwa anayejua anachotaka. Ombi linalosema kwamba kuna mabomu msituni litawekwa kando. Ombi linaloonyesha maeneo manane yaliyochunguzwa, matatu yaliyothibitishwa kuwa na hatari, idadi ya familia zinazoyatumia na gharama ya kila moja, litasomwa.

Hatua ya kwanza basi ni serikali ya kitaifa kuwa na ofisi moja inayojulikana, yenye daftari la visa vyote vya silaha zilizookotwa, tangu Samburu hadi Embu. Bila daftari hakuna idadi, na bila idadi hakuna bajeti. Hatua ya pili ni kuiomba Uingereza ifungue kumbukumbu za mashambulizi ya ndege za mwaka 1953 hadi 1955 na kuzikabidhi kwa wahandisi wa Kenya. Hilo halihitaji ikubali hatia, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kesi moja.

Hatua ya tatu inahusu mkataba wa ushirikiano wa ulinzi kati ya nchi hizi mbili, ambao ulipitiwa upya mwaka 2021 na kuidhinishwa na Bunge la Kenya mwaka 2023. Anayetumia uwanja kwa mazoezi anapaswa kulipia usafi wake kila mwaka, kwa fungu lililowekwa wazi na kukaguliwa, wala si kwa hisani baada ya msiba. Bunge lina uwezo wa kudai taarifa hiyo na kuichapisha ili wakazi wa Isiolo, Samburu, Laikipia na Meru waisome.

Hatua ya nne ni ya kaunti zenyewe. Elimu ya tahadhari shuleni, mabango kwa lugha za Kimeru, Kiembu, Kisamburu na Kiborana, na mafunzo kwa walinzi wa misitu ni mambo ya gharama nafuu. Vilevile, mkataba wa Ottawa unahimiza kuwahudumia waathiriwa kwa muda mrefu: mguu wa bandia wa mtoto hubadilishwa kila anapokua, na hilo ni jambo la bajeti ya afya ya kila mwaka, si la mchango wa siku moja.

Yote haya hayataiweka Kenya katika orodha ya nchi zinazopokea mamilioni, na pengine si vyema iwemo. Yataifanya, hata hivyo, iwe nchi inayojua kilichomo ndani ya ardhi yake. Ndege za Lincoln ziliondoka mwaka 1955, na wengi wa marubani wake ni marehemu. Mkulima wa Irangi atakayepiga jembe msimu wa mvua za masika, akisikia chuma kimegonga chuma, anastahili kujua ni simu gani ya kupiga, na anastahili kuwa na hakika kwamba kuna atakayeipokea.